Wanasesere Waliojua Kukaa

Jumamosi, 2 Machi

Mwanasesere wangu ameanguka tena mbele za watu.

Naandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Fundi wa nguo hana wa kumwambia ya moyoni. Kila anayesimama mbele yangu amekuja kupimwa kiuno. Tangu wiki hii ianze nina hofu nisiyoijua inatoka wapi. Mvua inachelewa, mbingu imenuna, na mimi ndivyo nilivyo: mlango ukigongwa mara mbili najua kuna msiba, simu ikikatika najua lori la baba watoto limepinduka. Yeye hunicheka. Husema siku nikikosa la kuogopa nitaogopa kwamba nimelikosa.

Jumamosi ndiyo siku yetu ya kulinganisha. Wasichana wa nyumba hizi za jirani huja verandani kwangu na wanasesere wao, na sisi watu wazima, ambao tungepaswa kuona haya, huja na wa kwetu. Mimi ninao kumi na mmoja, wote wa kitambaa, nimewashona kwa vipande vinavyobaki mezani. Wifi yangu, dada yake baba watoto, ni msusi, naye anao ishirini na wawili wa dukani, wa plastiki, wanaokaa ndani ya kabati la kioo. Hakuna mtoto anayeruhusiwa kuwagusa, hata wake wa kumzaa.

Tunalinganisha mambo matatu: nguo, nywele na kukaa. Kwa nguo hapana wa kubishana nami. Leo nilileta koti la mvua lenye vifungo vitano vidogo kama vichwa vya pini. Nywele ni za wifi. Kinachoamua ni kukaa. Mwanasesere huketishwa juu ya ukuta mfupi wa veranda bila kuegemezwa, na atakayedumu mpaka tumalize ndiye mshindi. Wa plastiki hukunja magoti wakatulia kama mabalozi. Wangu hulegea kama walevi. Leo mwenye koti alikwenda chini kichwa mbele, na wifi akasema kwa upole, "Nguo nzuri, wifi, ila mvaaji hana mgongo." Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini neno lile limenikaa.

Kitinda, binti yangu wa mwisho, ana miaka kumi na ndiye anayeandika alama. Hanipendelei hata kidogo.

Jumapili, 3 Machi

Nimepata njia. Mwanasesere akitiwa uzito matakoni, atakaa. Nilijaribu mchanga ukavuja kwenye mshono. Nilijaribu kokoto, akawa kama mwenye jipu. Kisha nikakumbuka stoo kuna mfuko wa mahindi ya mbegu. Baba watoto ni dereva wa ghala la pembejeo. Gunia lilipasuka kwenye lori, akakusanya yaliyomwagika akaja nayo. Punje zake ni nzito, laini, zinajipanga vizuri. Zimepakwa rangi nyekundu. Siku aliyozileta aliniambia nisiwape kuku, na wanasesere si kuku. Hata hivyo niliziosha maji mawili, rangi ikafifia, nikazianika. Kitinda alinishikia kikombe, nikatia punje arobaini kwa kila mmoja.

Wa kwanza nilimweka mezani, akakaa. Nilimsukuma kwa kidole, akayumba akarudi. Nilifurahi kijinga, kama siku nilipomaliza gauni langu la kwanza.

Jumatano, 6 Machi

Mvua imeanza. Paa la veranda linavuja palepale pa mwaka jana.

Jumamosi, 9 Machi

Kumi na mmoja wangu walikaa juu ya ukuta kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Upepo ulivuma, akaanguka mmoja wa plastiki, wa wifi, yule mwenye gauni la harusi. Wangu walikuwa wakitazama tu. Wifi alimwokota bibi harusi wake, akamfuta tope, akamwinua mmoja wangu na kumpima kwa kiganja. "Umewalisha nini?" aliuliza. Nikamjibu kwamba siri ya fundi haitoki nje ya karakana.

Wasichana wote sasa wanataka wanaokaa. Nimepokea maombi sita, na kichwa kimenivimba.

Alhamisi, 14 Machi

Nimemaliza sita. Cherehani imelia siku nne mpaka jirani akauliza kama kuna harusi. Kila mmoja ana gauni lake, na mfukoni anazo soksi za akiba.

Jioni alikuja Kijino, mtoto wa pekee wa wifi. Ana miaka saba. Tunamwita hivyo kwa sababu tangu aote meno hajaacha kutafuna: penseli, kola, ncha za nywele zake mwenyewe. Mama yake amekwisha kumpaka vidoleni kila kitu kichungu kinachouzwa. Alisimama mlangoni akisugua mguu mmoja juu ya mwingine. "Anti, nami nishonee mmoja wa kushika," alisema.

Nilijua mama yake hatapenda, lakini mtoto anayeishi na wanasesere ishirini na wawili asioweza kuwagusa utamnyimaje? Nikamshonea palepale. Nikamtia punje zaidi ya wenzake, makalio yakawa makubwa tukamwita Bi Kitako. Kijino alimkumbatia chini ya sweta akaondoka mbio mvuani.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua kubwa. Tulilinganisha huku tumejibana upande mmoja wa veranda, wanasesere wakalowa. Magauni matatu yametoka madoa ya waridi kwa nyuma. Nikasema ni kitambaa kinachuja. Mikono ya wasichana nayo ilikuwa ya waridi, wakafurahi wakapakana mashavuni.

Wifi alinishangaza. Alikuja na mkoba wake wa saluni akawatengeneza nywele wanasesere wote wa kitambaa, uzi kwa uzi, akawapulizia ile dawa yake ya kung'arisha. Harufu ilijaa mpaka nikakohoa. Nilijiuliza anatafuta nini, maana wifi yangu hatoi bure hata salamu.

Jumanne, 19 Machi

Binti wa fundi viatu, nyumba ya tatu, ametapika usiku kucha. Wanasema ni maji. Nimeanza kuchemsha.

Jumatano, 20 Machi

Leo pia nimechemsha maji, hata ya kuogea. Baba watoto ameuliza kama tunapika samaki au tunaoga.

Jumamosi, 23 Machi

Hatukulinganisha. Wasichana wawili wengine wanaumwa tumbo na kichwa, na Kijino hakuonekana. Ukuta wa veranda ulikuwa mtupu, nikaogopa kuutazama.

Mke wa fundi viatu alikuja kuchukua sketi yake. Anasema binti yake ana nafuu, lakini mate yanamtoka akilala. Tukaanza kuhesabu: wanaoumwa wote wana wanasesere wangu. Nikafikiri haraka, kama mtu aliyeteleza anayetafuta pa kushika, na nikapashika. Nikasema, "Mimi sisemi kitu, lakini wote walipuliziwa ile dawa ya saluni." Mke wa fundi viatu akaacha kukunja sketi. Akasema kikulacho ki nguoni mwako. Nikarudia kwamba mimi sisemi kitu.

Alipoondoka nilisikia amani. Kumbe hofu ikipata jina la mtu hupungua uzito.

Jumanne, 26 Machi

Nimepita nje ya saluni. Viti vitatu, vyote vitupu, na siku hii huwa watu wanasubiri mpaka nje. Wifi alikuwa akifagia sakafu isiyo na nywele. Aliniinulia mkono. Nilijifanya namkwepa mwenye mwavuli.

Nimekwenda kumwona mtoto wa nyumba ya tano, mmoja wa wale wawili. Yu hai, anakula, ila amepauka.

Alhamisi, 28 Machi

Kijino amelazwa. Baba watoto alitoka kazini akampeleka kwa lori, mtoto amelala mapajani mwa mama yake. Anasema alikuwa akitetemeka mikono, mate yanamchuruzika, jasho linamtoka na huku ni baridi. Wamesema huenda ni malaria kali, wanasubiri vipimo. Baba watoto amekula vijiko viwili tu. Yule ni mtoto wa dada yake, na ndiye pekee anayemwita Mjomba.

Nami nimekaa hapa nikijiambia: ni ile dawa, amemlisha mwanawe sumu kwa wivu wake. Nimeiandika ili nione inavyoonekana. Inaonekana vibaya.

Ijumaa, 29 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nilifika hospitali saa kumi na uji kwenye chupa. Wodi ya watoto ina vitanda kumi na viwili, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mvua. Kijino yuko cha mwisho, karibu na beseni la kunawia. Ana uso mdogo kuliko ule niliouacha. Wifi alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nywele zake mwenyewe zilikuwa hazijachanwa, jambo ambalo sijaliona tangu niolewe katika ukoo ule. Alinishukuru kwa uji. Akasema wenzetu wengine hawajafika, labda ni mvua. Nilijua si mvua.

Kijino alikuwa amefumba macho, anatafuna. Kitu kilikuwa chini ya shuka, kinywani mwake. Nilifunua kidogo. Alikuwa ni Bi Kitako.

"Nilimkataza," wifi alisema. "Nilimkuta naye wiki mbili zilizopita, nikamnyang'anya, akalia mpaka akakosa sauti. Nikasema ya nini, mwache. Anampenda kwa sababu ni wewe uliyemshona. Hapa hataki kulala bila yeye."

Gauni kwa nyuma lilikuwa jekundu, limelowa mate. Mshono wa chini ulikuwa umefumuliwa kwa meno, uzi mmoja mmoja, na kwenye tundu ilichungulia michipuko miwili ya kijani, mirefu kama ukucha. Mbegu zilikuwa zimeota ndani ya mwanasesere. Wifi aliiona naye, akashtuka, akaniuliza ni kitu gani kile.

Nilisikia sauti ya baba watoto kama yuko nyuma yangu: usiwape kuku. Alisema mara mbili siku ile, akiwa anavua viatu. Na mfuko wenyewe, kabla sijaukata kipande nikafanyia kitambaa cha kusugulia sufuria, ulikuwa na fuvu limechorwa pembeni. Nililiona. Nililiona nikafikiri ni la wakulima.

"Ni nyuzi," nilimwambia wifi. "Kitambaa kimeoza kwa unyevu. Ngoja nikamfue."

Akanipa. Mtoto alilia kwa sauti nyembamba bila kufumbua macho, vidole vikitafuta juu ya shuka. Nilimtia Bi Kitako kwenye mkoba nikatoka. Kwenye ngazi nikakaa, watu wakanipita.

Nyumbani nilifungua nikahesabu. Nilitia hamsini na tano. Nimekuta thelathini na nane.

Jumamosi, 30 Machi

Nimewakusanya wote. Nilipita nyumba kwa nyumba nikisema nimegundua kosa la mshono, nitawarekebisha bure. Wasichana walinipa kwa moyo mweupe. Yule wa nyumba ya tano alimbusu wake akamwambia asiogope sindano. Nimewatia na kumi na mmoja wangu kwenye gunia, nimechimba nyuma ya choo, nimewafukia. Udongo ulikuwa laini kwa mvua, kazi haikuchukua hata nusu saa.

Baba watoto alinikuta nanawa. Nikamweleza yote, kuanzia punje ya kwanza. Alikaa juu ya ndoo, hakuvua koti, maji yakamtiririka mpaka sakafuni. Nilitegemea atapiga kelele. Aliuliza kwa sauti ndogo ni nani mwingine anajua. Nikasema hakuna.

"Zile mbegu hazikuwa za kuchukua," alisema. "Yaliyomwagika yanarudishwa ghalani yanaandikwa. Wakijua nimefukuzwa, na huenda nikafungwa. Wewe nani atakupa nguo zake tena? Umemwondolea mwanasesere, basi. Sumu imekwisha kutoka kwake. Mtoto atapona mwenyewe. Penye kuku wengi hapamwagwi mtama."

Nilitaka kumwamini kuliko ninavyotaka kupumua. Nikamwamini. Jioni nilipeleka uji mwingine hospitali, nikamnywesha wifi kwa kuwa mtoto hamezi.

Jumapili, 31 Machi

Hajapona mwenyewe.

Wanamchoma sindano za malaria na vipimo vyake havioneshi malaria. Daktari wa zamu, msichana mwenye kalamu mbili mfukoni, alimmulika macho kwa tochi, akasema mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano na hajui kwa nini. Alimuuliza wifi kama kuna kitu mtoto amekula. Wifi akajibu: mkate, chai, ndizi. Akaongeza, huku anatazama chini, kwamba watu wanasema ni dawa zake za saluni, na kwamba amekwisha kuzitupa zote. Alimuuliza daktari kama yawezekana. Amekuwa akijiuliza hilo kila akifumba macho. Uvumi ule niliuanzisha mimi, na yeye ameupokea akaulaza pamoja naye kwenye sakafu ya wodi.

Nilifungua kinywa. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa daktari. Nikasema, "Mungu atasaidia." Wifi akanishika mkono tukasali, na mkono wake ulikuwa wa moto, wangu wa baridi.

Niliporudi, Kitinda alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja na daftari lake la alama. Hakuwa akiandika. Akaniuliza, "Mama, ni zile punje?"

Nilimuuliza punje zipi.

"Zile nilizokushikia kikombe. Nilikuona ukichimba." Alinyoosha viganja vyake akavitazama. "Na mimi nilizishika. Nami nitakufa?"

Nikamwambia hafi mtu. Nikamwambia asimwambie mtu yeyote, hata rafiki yake, hata mwalimu, hata shangazi yake akimuuliza machoni. Akatikisa kichwa kukubali. Halafu nikaona uso wake unavyofunga, mdomo unakaza, macho yanashuka, na nikamtambua. Ni uso wangu wa siku tatu hizi. Nimeogopa mambo mengi maishani, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kuona mtoto amejifunza kwa haraka hivyo.

Sikuweza kushona. Nimekaa nikisikiliza bomba la paa.

Jumatatu, 1 Aprili

Nilipiga moyo konde saa mbili asubuhi nikaenda kwa miguu, maana nikipanda gari nitapata muda wa kukaa na kughairi. Mvua ilinipiga njia nzima. Nilikuwa na punje thelathini na nane kwenye mfuko wa plastiki.

Nilitaka kumpata daktari peke yake. Alikuwa kitandani kwa Kijino, na wifi alikuwa akimpangusa mtoto mate, hivyo nikasema hapohapo. Nikasema mwanasesere alikuwa na mbegu za kupandwa zilizotiwa dawa, nilizitia mimi, mtoto amezitafuna, zimepungua kumi na saba. Sauti haikuwa yangu, ilikuwa kama ya mtu anayesoma vipimo: kiuno, kifua, mgongo.

Daktari hakunigombeza. Aliuliza dawa gani. Nikasema sijui, ni nyekundu. Akasema nyekundu ni rangi tu, anataka jina, na anataka sasa, kwa sababu dawa ya sumu moja yaweza kuwa sumu kwa nyingine.

Nikampigia baba watoto. Nikamwambia nimeshasema. Nilisikia injini ya lori inanguruma, kisha akaizima. Akasema, "Lebo ziko ofisini kwa bosi. Itabidi nimwambie nazitakia nini." Nikasema ndiyo. Akasema, "Nakuja."

Alichukua dakika arobaini. Sijui zilipitaje. Wifi hakuniangalia. Alikuwa akimkunjia mtoto kona ya shuka, anaikunjua, anaikunja. Baba watoto aliingia amelowa, karatasi ameificha kifuani isilowe, akampa daktari kwa mikono miwili. Daktari akaisoma, akatoka karibu anakimbia, akarudi na muuguzi na sindano. Wakamchoma moja. Baada ya muda wakamchoma nyingine. Saa sita mate yalipungua. Saa nane Kijino alifumbua macho, akaomba maji, baba watoto akageukia ukuta.

Wifi akanyanyuka, akaja mpaka karibu yangu. Tulikuwa mbele ya beseni la kunawia.

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema leo. Hakuna ambaye angenibishia, na baba watoto alikuwa akinitazama akiniomba niseme leo. "Ijumaa," nikasema. "Nilipomchukua mwanasesere."

"Jumamosi ulininywesha uji."

"Ndiyo."

"Jana ulinishika mkono tukasali."

"Ndiyo."

"Na maneno ya saluni?"

Nikasema na hayo ni mimi, ila hayo niliyaamini. Nilipoyasema nikajua hata hilo si kweli kamili. Nilitaka kuyaamini, basi. Wifi alitikisa kichwa kidogo, kama anavyofanya akimaliza kumsuka mtu na kumuonyesha kioo. Akarudi kwenye ndoo yake.

Jumatano, 3 Aprili

Kijino amekula mkate mzima. Nimeambiwa na baba watoto. Mimi nimeshauriwa nisiende.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimepita zile nyumba tena, safari hii na ukweli. Kila mlango nilisema maneno yaleyale: ni mbegu zangu, si dawa za msusi, mpelekeni mtoto apimwe. Mke wa fundi viatu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na wewe ndiye uliyeniambia husemi kitu," akafunga. Fundi viatu mwenyewe alinifuata mpaka njiani akaniuliza kama nina mwavuli. Nikalia kwenye mvua mbele ya mwanamume wa watu.

Watoto wote watatu waliougua wamepimwa pamoja na wenzao, wamekutwa salama. Kitinda naye. Alinawa mikono mpaka ngozi ikakakamaa.

Jumatatu, 8 Aprili

Baba watoto amesimamishwa kazi mpaka watakapomwita. Hajanilaumu. Anakarabati paa la veranda, nyundo inalia tangu asubuhi. Siku hizi haniambii kwamba naogopa bure.

Jumamosi, 13 Aprili

Watu wa afya walikuja, wakafukua gunia nyuma ya choo wakaondoka nalo. Mikono kadhaa ya wanasesere ilikuwa imetokeza kwenye mdomo wa gunia, majani ya kijani yamepenya kwenye magauni yote. Nilikaa ndani.

Saluni ina watu tena. Nimewaona wanasubiri mpaka nje.

Jumatano, 17 Aprili

Wateja wawili wamekuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo sijavikata.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua imepungua, imebaki ya manyunyu. Nilikuwa nafagia veranda, kwa mazoea tu, maana hakuna wa kuja, ndipo nikamwona Kijino anapita njiani akitoka dukani na mkate. Amekonda, miguu imekuwa mirefu. Jino la mbele limeng'oka. Upepo ukamnyang'anya mwavuli ukauleta mpaka kwenye ngazi yangu.

Niliuokota. Nikashuka ngazi moja, nikamnyooshea. Alisogea mpaka karibu, akatazama mwavuli, akanitazama mimi, kisha akapeleka mikono yote miwili nyuma, mkate na yote.

"Samahani, Anti," alisema. Alikuwa amefundishwa adabu, na alijitahidi aseme vizuri. "Mama amesema nisipokee kitu kutoka mkononi mwako."

Nikamwambia mama yake amesema vyema, na amsikilize. Nikauweka mwavuli chini, juu ya ngazi, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango. Akangoja kwanza nisimame kabisa. Halafu akaja, akauokota, akaufungua, akasema asante, akaenda zake.